Ziwa Si Bahari: Ushauri kwa Wawili Wanaokwenda Kupunga Upepo Nyanza

Mmoja wenu akisema "twende ufuoni tukapumzike", mwenzake huwaza Diani au Malindi papo hapo, na hesabu za treni, hoteli na foleni ya Likoni zinaanza kupigwa. Kuna ufuo mwingine. Kisumu iko umbali wa kilomita zipatazo 350 kutoka Nairobi kwa njia ya Nakuru na Kericho, na kuanzia hapo hadi Mbita na kisiwa cha Rusinga kuna mwambao ambao watu wawili wenye gari lao, au la kukodi, wanaweza kuuzunguka taratibu bila dereva wala kundi la watalii. Wengi wanaoujaribu hurudi wakisifu samaki na kulalamikia yote mengine. Jua liliwachoma, mbu waliwala, mashua iliwatikisa hadi wakatapika, na waliyatazama maji kwa siku tatu bila kuthubutu kuyaingia. Kosa lao ni kwamba walikwenda ziwani na mazoea ya baharini.

Ziwa lina saa zake. Asubuhi na jioni ni za maji, mchana ni wa kivuli, usiku ni wa chandarua. Panga siku yenu kwa kufuata ratiba hiyo na mtapumzika kwelikweli.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema, ili msomaji asiye na subira aondoke nao: katika mzunguko wenu teueni mahali pamoja, mtie nanga hapo kwa siku mbili au tatu, na siku moja nzima gari lisiwashwe. Funguo zitiwe ndani ya begi. Watu waliozoea kukimbizana na jiji hupeleka mbio zao likizoni. Asubuhi hoteli hii, jioni hoteli ile, na katikati ni kubishana kuhusu ramani ya simu. Kuzunguka ziwa kwa namna hiyo ni kuhama nyumba kila siku. Kwa maoni yangu mahali pa kutia nanga ni Rusinga, na sababu nitaieleza.

Nendeni kwa njia ya kusini, mrudi kwa ya kaskazini. Kutoka Kisumu mnapita Ahero penye mashamba ya mpunga, mnashika njia ya Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, lami mwanzo mpaka mwisho. Mkiondoka asubuhi jua linakuwa mgongoni, na ghuba inawafuata upande wa kulia ikitokea na kupotea nyuma ya vilima. Kendu Bay simameni kidogo kwenye Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi ambalo wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Bikizee mmoja alinyimwa hifadhi usiku wa sherehe, mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Baadhi ya miezi huwa pana heroe wengi. Nusu saa inatosha.

Kurudi, pandeni feri ya magari kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, upande wa Siaya, kisha Ndori na barabara ya Bondo hadi Kisumu. Safari ya majini kwa kawaida haimalizi saa moja, na inawaepusha kurudi kwa njia ile ile. Lakini feri haichukui magari mengi, na ratiba hubadilika. Nendeni gatini siku moja kabla mkaulize kwa mdomo, msitegemee mlichosoma kwenye simu, na asubuhi yake mfike mapema kabla malori ya samaki hayajajaza nafasi. Chagueni feri ya asubuhi. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani na alfajiri maji yametulia. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, na kuanzia saa nane au tisa mawimbi huinuka. Kanuni hiyo inahusu feri, na inahusu zaidi mashua ndogo. Mwenye mashua atakayewaambia saa kumi alasiri kwamba "hakuna shida" huenda asiwe anadanganya, kwa sababu yeye kazaliwa humo. Nyinyi hamkuzaliwa humo.

Gari dogo la kawaida linatosha kwa barabara kuu. Taabu iko kwenye vijia vya kushukia ufuoni. Sehemu nyingi za Homa Bay zina udongo mweusi ambao mkavu ni mgumu kama saruji na ukilowa huwa gundi. Mvua ikinyesha, acheni gari kando ya lami mkashuke kwa miguu au bodaboda. Kagueni gurudumu la akiba na jeki kabla ya kuondoka nyumbani. Msiendeshe usiku: kuna matuta yasiyo na rangi wala alama, ng'ombe, punda, na pikipiki zisizo na taa. Mkifika ufuoni, tazameni mnapokanyaga, maana nyavu zilizotandazwa mchangani pengine zimeanikiwa omena, na hiyo ni mali ya mama fulani aliye karibu anayewaangalia.

Kabla ya yote hayo mtalala Kisumu, na Kisumu isipuuzwe. Kwa bahati, ni mji ambao zamani ulibeba jina la mke wa mtu. Reli ya Uganda ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo kiliitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Alifuatana na mumewe wakiishi mahemani tangu walipoacha pwani, na ndiye aliyepewa nyundo apigilie msumari wa mwisho. Kama wawili hao walistahimili Tsavo ya simba wala watu, nanyi mtastahimili barabara ya Kericho.

Jioni ya kwanza nendeni Hippo Point. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa kuwa ikweta iko jirani, na kutoka hapo linaonekana likishukia kwenye ghuba. Fikeni saa kumi na moja. Karibu hapo pana hifadhi ya swala pala ya shirika la wanyamapori, iliyo ukingoni mwa maji. Kesho yake alfajiri nendeni Dunga, ufuo wa wavuvi ulio kusini mwa mji, mkaone mashua zikirudi. Vijana wa pale hutembeza wageni kwenye kinamasi cha mafunjo, na mpenda ndege atafurahi zaidi ya wote, kwani mna ndege ambao hawaishi popote ila kwenye mafunjo. Kubalianeni bei na muda kabla ya kupanda. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, lifungwe kifuani, lisikaliwe. Yakikosekana mawili, msipande.

Hapo Kisumu huenda mkakuta maji yamefunikwa na gugumaji, zulia la kijani lenye maua ya zambarau. Linasafiri na upepo: jioni mlilala maji yako wazi, asubuhi mnaamka hamyaoni. Kisumu iko mwisho kabisa wa ghuba ya Winam, ghuba iliyojifunga na isiyo na kina kikubwa, inayopokea mito, udongo na taka za miji. Ghuba hiyo inafunguka kwenye ziwa kuu kupitia mlango ulioko Rusinga. Ndiyo sababu nawasukuma mfike huko. Ukivuka daraja la Mbita na kwenda upande wa magharibi wa kisiwa, maji yanabadilika rangi, upepo unakuwa msafi, na mbele yenu ni ziwa lenyewe, lile la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na Mfangano ikiwa imejichomoza katikati ya macho yenu.

Sasa tuzungumzie samaki, maana kwa wengi ndiyo safari. Mikahawani mtatajiwa ngege, ambao Watanzania huwaita sato, na mbuta, yaani sangara. Mbuta ni mgeni aliyetiwa ziwani katika karne iliyopita na akawala wenyeji wake. Ni mnofu mnene, mzuri kwa anayeogopa miiba. Ngege ndiye wa kula mzima. Lakini msiagize kwa kusoma karatasi ya bei. Ombeni muoneshwe samaki mbichi, mchague kwa macho yenu: jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi. Kisha ulizeni swali ambalo wageni hawaulizi: huyu ni wa ziwa, wa kizimba au wa barafu? Siku hizi ngege wengi hufugwa kwenye vizimba vinavyoelea, mtaviona kama duara nyingi majini, na wengine hufika wamegandishwa kutoka China. Wa kizimba si mbaya hata kidogo. Wa barafu, mkiwa mmekaa kando ya ziwa, ni matusi.

Agizeni mmoja mkubwa mle pamoja, badala ya wawili wadogo. Atachanjwa mbavuni, akaangwe mzima hadi ngozi ikauke, kisha atumbukizwe kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu. Itachukua dakika 40 au zaidi, kwa hiyo agizeni kwanza ndipo mkatembee. Anakuja kwenye sinia, mkia umepinda ukingoni, ugali ukitoa mvuke, na mboga chungu kidogo ya mnavu au mgagani iliyolainishwa kwa maziwa. Mtu atawamwagia maji ya vuguvugu mnawe mikono. Uma hauna kazi hapa. Anza na shavu, kile kipande kidogo chini ya jicho, halafu mgongo, ambao miiba yake ni mikubwa na inaonekana; tumbo, lenye mafuta na mifupa ya kupinda, mwachie anayejua. Usiku jaribuni omena waliokaangwa wakakauka, pamoja na ndimu na pilipili. Anayewadharau kwa sababu ni wadogo anajinyima.

Na kuogelea? Hapa ndipo ziwa linapoachana kabisa na bahari. Kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi majini penye majani na maji yaliyotulia, yaani pale pale kwenye kina cha magoti panapoonekana salama, na hupenya ngozi bila maumivu. Jibu langu: ogeleeni kwenye bwawa la hoteli, na ziwa mlifurahie kutoka mashuani, kwenye gati au kwenye kiti. Mkiingia hata hivyo, iwe mmesukumwa na joto au na kiburi, nendeni hospitali baada ya wiki sita hadi nane mkapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inafahamika na inatibu. Jambo la pili ni kiboko. Mchana mtamwona pua na masikio tu na mtamwonea huruma. Usiku hupanda nchi kavu kula nyasi, na ole wake anayesimama kati yake na maji. Giza likiingia, msitembee ufuoni penye nyasi mkishikana mikono chini ya nyota. Nyota zinaonekana vizuri pia kutoka barazani.

Barazani zimeni taa. Mara kwa mara inzi wa ziwani huinuka juu ya maji kwa mamilioni, wingu jeusi mnaloweza kulidhania moshi, na upepo ukiwaleta nchi kavu hufuata mwanga. Hawaumi. Wanaingia tu kwenye chai, masikioni na kwenye maneno matamu mliyokuwa mkiambiana.

Mbu ndio wa kuogopwa. Kaunti za ziwani ndizo zenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za Kenya. Haikuwa bahati nasibu kwamba chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay. Mtu aliyekulia Nairobi, Nyeri au Eldoret hana kinga ya mwilini aliyo nayo mwenyeji. Muoneni daktari wiki kadhaa kabla, mpewe dawa za kukinga, na mzimalize mkisharudi, kwa sababu wengi huziacha siku wanayofika nyumbani. Mke akiwa mjamzito, au mkidhani huenda ni mjamzito, semeni wazi kwa daktari na muwe tayari kubadili safari. Chandarua kikagueni mchana, si usiku. Kitundu kimoja ni mlango. Homa yoyote ndani ya majuma yanayofuata ipimwe siku hiyo hiyo.

Tufike Rusinga, siku ya gari kulala. Amkeni kabla ya jua, mkanywe chai mkitazama mashua za omena zikirejea. Wakati maji bado yametulia, mnaweza kuvuka kwenda Mfangano mkaone michoro ya kale ya miambani pale Kwitone, miduara myekundu na myeupe ambayo wataalamu huihusisha na Watwa walioishi huku zamani. Jumba la makumbusho la Abasuba kisiwani humo litawapa mwongozaji. Kwa mashua ulizeni kwenye ofisi ya BMU, kamati ya wavuvi iliyopo karibu kila ufuo. Mwenye mashua anayepatikana hapo anajulikana, na kukitokea jambo kuna wa kuulizwa. Mchana mrudi kivulini mlale. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwenye ikweta, na upepo wake wa baridi huwafanya watu wasahau jua hadi mabega yawe mekundu au yaanze kubambuka. Ngozi nyeusi nayo huungua, wapendwa.

Alasiri, kwa miguu au bodaboda, nendeni Kasawanga kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Jengo la kaburi limejengwa kwa umbo la risasi, jambo ambalo hamtalisahau. Mwongozaji huwa na mengi ya kusimulia, mpeni muda wake. Kisiwa hiki pia ndipo mtafiti Mary Leakey alipofukua, mwaka 1948, fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 18 iliyopita. Wawili mnaohitaji kisingizio mtafurahi kujua kwamba Mary ameandika katika kumbukumbu zake jinsi yeye na mumewe Louis walivyoamua kusherehekea fuvu hilo: kwa kupata mtoto mwingine. Philip Leakey alizaliwa Juni 1949.

Kuna jambo moja la kupanga miezi kabla, na karibu kila mtu hulikosa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwanga wa mbalamwezi huharibu kazi hiyo; mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Basi tazameni kalenda, mfike wakati wa mwezi mwandamo au siku za giza zinazouzunguka. Saa mbili usiku, mkiwa barazani upande wa magharibi, mtaona taa moja, kumi, kisha safu nzima ya taa kwenye upeo wa macho, hadi mtu asiyejua adhani pana mji ng'ambo. Mwezi mpevu uacheni kwa Lamu.

Kuhusu watu: Kiswahili kinatosha kila mahali, lakini "oyawore" ya asubuhi na "erokamano" ya kushukuru hufungua nyuso. Mkubwa asalimiwe kwanza. Jioni wavuvi huoga ziwani bila nguo, ni desturi na ni mahali pao. Geuzeni macho na kamera. Kubusiana kwenye gati ya samaki kutawapatia hadhira ya watoto 30. Kupiga picha ya mtu au ya samaki wake kunaanza na kuomba ruhusa.

Na kuhusu nyinyi wawili. Pesa za safari zitengwe pamoja kabla ya kuondoka, nyingi kwenye M-Pesa, kiasi mfukoni kwa noti ndogo, ili kila chakula kisiwe kikao cha bajeti. Anayeendesha asikosolewe na asiyeendesha, na baada ya kila saa mbili wabadilishane. Kama ni mmoja tu anayejua kuendesha, basi yeye ndiye anayeamua lini gari lisimame. Siku ya kupumzika kila mmoja apewe saa mbili za peke yake, bila maelezo. Mmoja akalale, mwingine akatazame ndege. Mtakuwa na cha kusimuliana wakati wa chakula.

Msiende Aprili kama mna hiari, kwa kuwa masika hufanya vijia kuwa matope. Na msichukue chumba cha chini kabisa kando ya maji bila kuuliza kilikuwaje mwaka 2020, ziwa lilipofurika na kumeza fuo na majengo mengi ya mwambaoni.

Mkiwa na siku tano, fanyeni mzunguko wote, tatu kati ya hizo ziwe za Rusinga. Mkirudi kwa feri mtapita Kit Mikayi, mwamba mrefu ulio kando ya barabara ya Bondo. Simameni, mkasimuliwe habari za mzee aliyelipenda jiwe hilo mpaka mkewe akaliita mke wa kwanza. Mkiwa na siku mbili tu, msitoke Kisumu: machweo Hippo Point, alfajiri Dunga, samaki wa mchana mapema, kisha mshike njia ili muwe mmeipita Mau Summit kabla ya giza, ukungu na malori kuingia.